Thredi Nyingi, Faili Moja: Kazi Ambayo SQLite Haikufanyii

Mkulima akifikisha kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi, iwe Uru, Kibosho au Mwika, haondoki bila stakabadhi. Kilo zilizoandikwa pale ndizo zitakazompatia malipo ya awali; na miezi kadhaa baadaye, kahawa ikishakobolewa na kupigwa mnada, ndizo zitakazompatia malipo ya pili. Utaratibu huu una historia ndefu mkoani Kilimanjaro. Chama kikuu cha KNCU kiliundwa mwaka 1933, na tangu enzi hizo ushirika umesimama juu ya mizani na daftari. Daftari likihamia kwenye kompyuta, suala linaloonekana kuwa la mafundi peke yao linamfikia mkulima moja kwa moja: je, programu inayofanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja inawezaje kuandika kwenye kanzidata moja bila kuvuruga hesabu?

Nitachambua suala hilo kupitia SQLite, kanzidata inayotumika kuliko nyingine zote duniani. Hoja yangu ni moja. Ukisoma kwamba SQLite ni salama kwa thredi, fahamu kwamba usalama unaozungumziwa ni wa maktaba yenyewe: haitaanguka wala kuharibu kumbukumbu yake. Usalama wa muamala wako, yaani kilo, namba ya stakabadhi na jumla ya mkulima kwenda pamoja, ni jukumu la aliyeandika programu.

Kanzidata isiyo na seva

D. Richard Hipp aliandika SQLite mwaka 2000, baada ya kufanya kazi kwenye programu ya manowari ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Programu ile ilitegemea seva ya kanzidata. Seva ikizimika, programu nayo inakwama hata kama yenyewe haina kosa. Akataka kanzidata isiyohitaji seva wala msimamizi: msimbo unaokaa ndani ya programu, unaosoma na kuandika faili moja kwenye diski.

Leo SQLite imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone. WhatsApp hutunza meseji zako humo. ODK Collect, programu ya kukusanyia taarifa iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington na kuenea sana Afrika Mashariki, hutunza humo orodha ya fomu zake. Kwa ofisi ya chama iliyo juu mlimani, ambako mtandao huja na kuondoka, mpango huu unafaa kabisa. Karani anapokea kahawa na kuandika papo hapo. Taarifa zitatumwa mjini Moshi mtandao ukirudi.

Lakini seva ilikuwa na kazi moja kubwa. Ilisimama katikati, ikapokea maombi ya kila mtu na kuyapanga. Ukiiondoa seva, upangaji ule hautoweki. Unahamia ndani ya programu yako.

Meza ya kupokelea kahawa

Tuchukue mfano wa programu ambayo msanidi yeyote wa Moshi anaweza kuiandika kwa Python na kuiweka kwenye laptopu ya chama. Ina thredi nne, yaani mikondo minne ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu moja. Ya kwanza inasoma uzito kutoka kwenye mizani. Ya pili inahudumia skrini ya karani na kuchapa stakabadhi. Ya tatu inatuma taarifa makao makuu kila mtandao unapopatikana. Ya nne inatengeneza ripoti ya meneja. Zote zinatumia faili moja, kahawa.db.

Msanidi anafungua muunganisho mmoja na kuugawa kwa thredi zote. Python inakataa mara moja: kwa kawaida muunganisho hauruhusiwi kutumiwa na thredi nyingine zaidi ya ile iliyoufungua. Anatafuta suluhisho, anakuta kwamba akiandika `check_same_thread=False` kosa linaondoka. Anaandika. Programu inakwenda, anaijaribu mezani kwake siku nzima, haoni tatizo.

Sasa tuitazame kwa karibu siku ya foleni ndefu. Mkulima analeta kilo 46.5. Thredi ya stakabadhi inaanza muamala na kuingiza rekodi ya mapokezi. SQLite inaipa namba 4107. Kabla thredi hiyo haijauliza imepewa namba gani, thredi ya kutuma inapenya na kuingiza rekodi yake kwenye jedwali la safari za kutuma, inayopewa namba 918. Thredi ya stakabadhi ndipo inauliza, kupitia `last_insert_rowid()`, namba ya mwisho iliyoingizwa. Jibu linatolewa kwa muunganisho, si kwa thredi, na muunganisho ni mmoja. Jibu ni 918. Printa inachapa stakabadhi namba 918.

Mambo hayaishii hapo. Mtandao unakatika, na thredi ya kutuma, kama ilivyoagizwa, inaita `rollback()` ili kufuta kazi yake iliyokwama. Muamala nao ni mali ya muunganisho. Kila kilichoandikwa na ambacho hakijathibitishwa kwa COMMIT kinafutwa, pamoja na kilo 46.5. Mkulima anateremka nyumbani na karatasi ambayo namba yake si yake, na kwenye faili hana rekodi. Skrini haikuonyesha kosa lolote, wala faili halijaharibika. Ukilipima kwa `PRAGMA integrity_check`, litajibu kwamba liko sawa, na litakuwa limesema kweli.

Kasoro ya namna hii ni ya hatari kwa sababu haijitokezi siku inapotendeka. Itajitokeza siku ya malipo ya pili, mkulima na chama wakibishana, mmoja akiwa na karatasi na mwingine akiwa na kompyuta.

Kile ambacho maktaba inakulinda nacho

SQLite huundwa katika hali mojawapo kati ya tatu. Katika ya kwanza, ya thredi moja, makufuli yote ya ndani yameondolewa. Ukiitumia kwenye thredi mbili kwa pamoja, umejiingiza hatarini. Katika ya pili, ya thredi nyingi, maktaba inaweza kutumiwa na thredi kadhaa ilimradi muunganisho mmoja usitumiwe na thredi mbili kwa wakati mmoja. Ya tatu, ambayo ndiyo ya kawaida usipobadilisha kitu, ni hali ya foleni: thredi mbili zikiushika muunganisho mmoja, kufuli la ndani linazipanga moja nyuma ya nyingine. Kwenye Python, kuanzia toleo 3.11, `sqlite3.threadsafety` inakuonyesha uko katika hali ipi: 3 ni foleni, 1 ni thredi nyingi, 0 ni thredi moja.

Historia inasaidia kueleza mkanganyiko uliopo. Kabla ya toleo 3.3.1 la mwaka 2006, muunganisho ulifungwa kwa thredi iliyoufungua. Toleo 3.5.0 la mwaka 2007 lilifungua milango, thredi zikaruhusiwa kushirikiana muunganisho mmoja. Wengi waliiona ruhusa hiyo kama ushauri.

Rudi kwenye mkasa wa kilo 46.5 uone kwamba hali ya foleni isingeuzuia. Foleni inapanga mwito mmoja mmoja: INSERT hii, kisha INSERT ile, kisha ROLLBACK. Kila mwito ulikwenda kwa zamu yake bila kugongana na mwingine. Kilichovunjika ni mlolongo wa miito inayotakiwa kuhesabiwa kama kitu kimoja, na maktaba haina njia ya kujua kwamba miito mitatu ya thredi hii ni kitu kimoja iwapo inakuja kwenye muunganisho uleule na miito ya thredi nyingine.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kila thredi na muunganisho wake. Thredi ya stakabadhi ifungue wake, ya kutuma ifungue wake, ya ripoti wake. Hapo muamala wa mmoja haumgusi mwingine, ROLLBACK ya mmoja haifuti ya mwingine, na namba ya mwisho ya mmoja haichanganyiki na ya mwingine. Usiihamishe miunganisho hiyo kwenda kwenye programu mtoto iliyozaliwa kwa `fork()`. Mtoto afungue wake mpya. Na kwa namba ya stakabadhi, tangu toleo 3.35.0 la mwaka 2021 kuna njia safi zaidi: malizia INSERT kwa `RETURNING id`, namba irudi ndani ya jibu la agizo lenyewe.

Mwandishi mmoja kwa wakati

Miunganisho ikishatengana, foleni inahamia kwenye faili, na hapo sheria ya SQLite haina mjadala: wasomaji wanaweza kuwa wengi, mwandishi ni mmoja. Aliyezaliwa kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, anaijua sheria hii kutoka kwenye mfongo, mfereji wa maji wa pamoja. Wengi wanaweza kuteka ndoo kwa pamoja, lakini anayefungulia maji kwenda shambani ni mmoja, kwa zamu, na zamu yake ikipita anafunga.

Katika hali ya zamani ya kuandika, wasomaji nao wanaingiliana na mwandishi. Ripoti ya meneja inayosoma msimu mzima inashikilia kufuli la kusoma, na karani akitaka kuthibitisha mapokezi anasubiri ripoti imalize. Toleo 3.7.0 la mwaka 2010 lilileta WAL, utaratibu ambao mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, kisha huhamishiwa faili kuu baadaye. Kwa utaratibu huo msomaji anaendelea kuona picha ya data kama ilivyokuwa alipoanza kusoma, na mwandishi anaendelea kuandika. Agizo `PRAGMA journal_mode=WAL` hutolewa mara moja, na faili linalikumbuka. Masharti yake ni mawili. Programu zote zinazotumia faili ziwe kwenye mashine moja, maana WAL haifanyi kazi kupitia folda ya mtandaoni. Na ripoti zisiachwe wazi muda mrefu, maana msomaji asiyemaliza analifanya faili la pembeni livimbe.

WAL haiongezi mwandishi wa pili. Thredi mbili zikitaka kuandika kwa pamoja, moja itapata jibu la SQLITE_BUSY, lile linalosomeka kwamba kanzidata imefungwa. Dawa ya kwanza ni kusubiri kwa muda uliopangwa. Ukiitumia maktaba moja kwa moja kwa lugha ya C, muda huo ni sifuri hadi uupange kwa `sqlite3_busy_timeout`. Python inakupa sekunde 5.

Kusubiri peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wasanidi wengi hukwama. BEGIN ya kawaida haishiki kufuli la kuandika. Muamala ukianza kwa kusoma jumla ya kilo za mkulima, unakuwa msomaji. Ukiamua baadaye kuandika, unaomba kupandishwa daraja. Ikiwa katikati thredi nyingine imeandika na kuthibitisha, picha uliyoisoma imepitwa na wakati, na chini ya WAL SQLite inakukatalia hapohapo bila kujali sekunde ulizopanga. Ina haki ya kukataa: ingekuruhusu, ungeandika juu ya kazi ya mwenzako kwa kutumia hesabu ya zamani. Kanuni ya pili basi: muamala utakaoandika uanze kwa `BEGIN IMMEDIATE`. Unaomba zamu ya kuandika kabla hujasoma chochote, na muda wa kusubiri unafanya kazi kama ulivyotarajia.

Watumiaji wa Python waongeze tahadhari moja. Kwa mpangilio wake wa kawaida, Python huanzisha muamala inapokutana na INSERT, UPDATE au DELETE, si inapokutana na SELECT. Ukisoma jumla kwa SELECT, ukajumlisha ndani ya Python, kisha ukaandika kwa UPDATE, usomaji ule ulifanyika nje ya muamala. Thredi mbili zikifanya hivyo kwa mkulima mmoja, zote zinasoma 120, moja inaandika 166.5, nyingine inaandika 150, na mzigo mmoja umepotea. Mwachie SQLite ajumlishe, kwa `SET jumla = jumla + ?`, au anzisha muamala mwenyewe kabla ya kusoma.

Kwa meza ya kupokelea kahawa mimi ningekwenda mbali zaidi: thredi moja tu iruhusiwe kuandika. Nyingine zote ziweke maombi yao kwenye foleni ya ndani, na mwandishi ayatekeleze moja baada ya jingine, kila moja na muamala wake mfupi. Thredi za programu hiyo haziwezi tena kugombania kufuli la kuandika, na msanidi anayekuja kurekebisha anajua mahali pamoja pa kutazama. Sharti ni kwamba anayeomba asubiri jibu, na jibu litoke baada ya COMMIT. Ndani ya muamala usiweke kitu chochote kinachosubiri dunia ya nje: mtandao, printa, au karani aliyeitwa nje.

Faili ni faili

Kwa kuwa kanzidata nzima ni faili, kuna kishawishi cha kuinakili kama picha au barua. Thredi ya nakala rudufu inalifungua kahawa.db, inasoma baiti zote, inazihamishia kwenye flashi, inalifunga. Kuna makosa mawili hapo.

La kwanza linaonekana: ukinakili wakati mwandishi yuko kazini, unapata nusu ya hali ya zamani na nusu ya hali mpya. Na chini ya WAL, ukilichukua faili kuu na kuliacha lile lenye mkia `-wal`, unaweza kuacha nyuma mapokezi ya mwisho ambayo tayari yalithibitishwa.

La pili limejificha. Kwenye Linux na mifumo ya ukoo wa Unix, Android ikiwemo, kufuli la kawaida la faili ni mali ya programu nzima, na programu ikilifunga faili kupitia mlango wowote, makufuli yake yote juu ya faili hilo yanaachiwa. SQLite inaijua tabia hiyo na kuikwepa katika milango inayoifungua yenyewe. Mlango ulioufungua wewe kwa `open()` haiujui. Ukiufunga, umeachia makufuli ambayo SQLite inaamini bado inayashika, na programu nyingine kwenye laptopu hiyohiyo inaweza kuingia katikati ya maandishi. Hapo ndipo faili huharibika kweli. Hatari hiyohiyo ipo ukipachika nakala mbili za maktaba ya SQLite ndani ya programu moja, kwa sababu kila nakala haijui milango ya mwenzake.

Kanuni ya tatu: faili la kanzidata liguswe kupitia SQLite tu. Nakala rudufu ichukuliwe kwa `backup()`, ambayo Python inayo, au kwa `VACUUM INTO`, iliyokuja na toleo 3.27.0 la mwaka 2019. Zote mbili zinatoa nakala iliyo kamili huku kazi zikiendelea.

Umeme nao una nafasi yake. Maelekezo mengi ya WAL yanashauri `synchronous=NORMAL` ili kuongeza kasi. Chini ya mpangilio huo umeme ukikatika ghafla faili haliharibiki, lakini miamala ya mwisho inaweza kupotea hata kama ilishathibitishwa. Kwa orodha ya habari za kusoma, haina neno. Kwa chama kilichokwishampa mkulima karatasi mkononi, ni deni. Acha FULL, ambayo ndiyo ya kawaida, na printa ichape baada ya COMMIT kurudi salama.

Upande wa Android

Anayeandika programu ya kishikwambi ana nafuu. Darasa la `SQLiteDatabase` la Android lina hodhi lake la miunganisho, na muamala ulioanzishwa na thredi moja hauingiliwi na nyingine hata zikitumia kitu kimoja. Ushauri kwa hiyo unageuka: fungua `SQLiteOpenHelper` moja kwa programu nzima, uigawe kwa thredi zote, uwashe WAL. Ukifungua mbili kwa faili moja, unaleta mahodhi mawili yasiyoratibiana, na jibu la kanzidata kufungwa litakurudia. Soma maelezo ya lugha na mfumo unaotumia kabla ya kubeba kanuni ya jirani.

Kabla chama hakijalipa

Jaribio la programu ya namna hii si kubonyeza vitufe mezani. Anzisha thredi nane, kila moja iingize mapokezi 1,000 na kuandika pembeni namba ya kila stakabadhi iliyothibitishwa. Katikati ya kazi, iue programu bila kuiaga. Iwashe, kisha linganisha: kila stakabadhi iliyotoka iwe na rekodi yake, kila rekodi iwe na kilo zake, na jumla ya kila mkulima ilingane na mizigo yake. Irudie ukiwa umechomoa mtandao. Irudie ripoti ikiwa inasoma. Ukiikuta tofauti ya rekodi moja, programu haijawa tayari kwa msimu.

Bodi ya chama haihitaji kujua SQL ili kulinda wanachama wake. Inahitaji kumuuliza muuzaji wa mfumo maswali manne na kudai aonyeshe majibu kwenye mashine. Je, stakabadhi inachapwa kabla au baada ya mapokezi kuthibitishwa kwenye diski? Mtandao ukikatika wakati wa kutuma, ni nini hasa kinachofutwa? Nakala rudufu inachukuliwa vipi wakati karani anaendelea na kazi? Umeme ukikatika sasa hivi, tukiuwasha tutakuta nini? Msanidi makini atafurahi kuulizwa, kwa sababu ameshajiuliza mwenyewe. Asiye na jibu arudi akamalize kazi, na wakati huo daftari la karatasi liendelee kuandikwa.